Aliyepanda Pikipiki Badala Yangu

Wanangu hawapendi nikisimulie kisa hiki. Wanasema, "Mama, watu watadhani umeanza kuchanganyikiwa." Waache wadhani. Mimi nilikuwepo kwa miguu yangu, asubuhi kweupe, jua linawaka, sina homa wala njaa. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, nisikilize tu, halafu ujiulize wewe ungefanya nini.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Kwetu ni Tabora. Nilipomaliza ualimu nilipangiwa shule ya msingi Korogwe, na haukupita mwaka nikaolewa na Bakari, karani wa stesheni ya reli, Mzigua wa Handeni. Tuliishi Manundu, hapo hapo Korogwe, pamoja na mama yake. Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache. Hakunichukia, lakini hakuwa amenizoea. Shida kubwa ilikuwa lugha. Nyumbani kwake alitaka kusikia Kizigua, na mimi zaidi ya kuitikia salamu sikujua kitu. Nikikosea hanicheki wala hanisahihishi. Ananyamaza, anaendelea kuchambua mchicha wake. Bora angenitukana!

Bakari alikuwa kinyume chake, mtu wa mizaha. Siku moja nikamwambia huku kwenu hakuna cha kutazama, ni mkonge kushoto na mkonge kulia. Akaona nimemvunjia heshima.

"Mwalimu," akasema, maana ndivyo alivyoniita hata nyumbani, "Jumapili nitakuonyesha maajabu mpaka uniombe radhi."

Akaazima pikipiki ya mwenzake wa kazini. Jumapili hiyo, baada tu ya sala ya alfajiri, tukaondoka. Nilikaa upande kama wanawake tulivyokuwa tunakaa, mkono mmoja kiunoni kwake. Nilivaa gauni la buluu, kanga ya njano kichwani.

Kusema kweli, nilifurahi. Ajabu la kwanza lilikuwa hapo hapo mjini: ghorofa ya tajiri mmoja yenye mlango juu na hakuna ngazi ya nje. Tajiri aligombana na fundi kabla ngazi haijajengwa, basi mlango ukabaki unafunguka hewani. Tulimkuta mama mmoja amesimama pale juu anakung'uta mkeka, kama vile kila nyumba duniani iko hivyo. La pili lilikuwa katikati ya mkonge: kaburi la mbwa. Naam, la mbwa, limejengwa kwa saruji na kupakwa chokaa. Mzungu aliyekuwa na shamba hilo zamani alimzika mbwa wake hapo kwa heshima zote. Bakari akavua kofia akamtolea mbwa salamu za rambirambi, nikacheka mpaka nikashika mbavu. Mbele zaidi kulikuwa na mtambo wa kushindilia barabara wa enzi za Mjerumani. Ulikwama zamani ukaachwa, na mti umeota katikati yake, umeukumbatia kwa mizizi.

Tulifika kijiji cha Sindeni jua limeanza kuchoma. Tukanywa uji kwa mama mmoja aliyekuwa anauza na viazi vya kuchemsha kando ya barabara. Wanamwita Mama Zaina. Aliposikia tunakwenda kwenye jiwe la kengele, ajabu la mwisho aliloniahidi Bakari, akaacha kukoroga.

"Ligongeni mnavyotaka," akasema. "Ila msiitane majina pale."

"Kwa nini, mama?" nikauliza.

"Sisi hatuitani pale. Basi."

Bakari akanikonyeza. Vijana wa serikali sisi, tumesoma, tutaogopa maneno ya muuza uji?

Jiwe lenyewe lilikuwa mbali kidogo na barabara, kubwa kama lori, jeusi, limekaa peke yake kwenye majani makavu. Bakari akaokota kokoto akaligonga. Likalia! Lililia kabisa, kama ile rimu ya gari tunayoigonga shuleni kuita watoto. Nililigonga na mimi. Tulikuwa kama watoto wadogo. Ndipo Bakari akapanda juu, akaweka mikono mdomoni, akaita jina langu kwa nguvu zake zote. Jina hilo sitalitaja hapa. Utaona kwa nini.

Mwangwi ukalirudisha, kama kawaida ya mwangwi. Ukalirudisha mara ya pili. Kisha pakawa kimya. Halafu jina langu likaja tena, taratibu, silabi kwa silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza kulisoma.

Bakari alikuwa anashuka, anacheka, sidhani kama alisikia. Mimi nilisikia. Nikasema tuondoke. Akaenda kuiwasha pikipiki, na mimi nikazunguka nyuma ya jiwe kujisaidia, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Sikukaa. Ni dakika mbili, tatu. Nikasikia pikipiki inawaka, nikasikia inaondoka. Nikadhani ananitania, maana ndiyo tabia yake. Nikatoka mbio.

Sasa nisikilize vizuri. Nilimwona Bakari anaingia njiani. Nyuma yake amekaa mwanamke. Amekaa upande. Gauni la buluu, kanga ya njano kichwani, mkono mmoja kiunoni kwa mume wangu. Nikajishika kichwa. Kanga yangu ilikuwepo kichwani. Nikaita, "Bakari!" Mlio wa pikipiki ukaimeza sauti yangu. Aliyegeuka ni yule mwanamke.

Ilikuwa sura yangu. Haikuwa ya kufanana. Yangu, na kovu la nyusi nililolipata utotoni kwa kuanguka kisimani. Hakutabasamu, hakunikasirikia. Alinitazama kama unavyomtazama mtu usiyemjua unayempita njiani, kisha akageuza uso mbele. Wakapotea na vumbi.

Wallahi, nilikaa chini. Umewahi kuuona uso wako unaondoka na kukuacha? Nilijipapasa mashavu, nikajipapasa pua, kama kipofu. Halafu nikaanza kukimbia. Kandambili moja ikakatika nikaiacha, ya pili nikaitupa mwenyewe.

Mama Zaina aliponiona natokea porini peku, upawa ulimtoka mkononi ukazama kwenye sufuria.

"Wewe si umepita sasa hivi?" akasema. "Umepita na mumeo, ukanipungia mkono!"

Nilikuwa nahema tu. Akarudi nyuma, akashika mwiko wa ugali kama silaha.

"Umezaliwa na nani? Sema upesi!"

Nikamtajia baba, nikamtajia mama, nikamtajia na bibi aliyenilea Tabora. Sijui aliona nini machoni kwangu, ila alishusha ule mwiko. Akanipa maji, akanivalisha kandambili zake mwenyewe, akasimamisha lori la mihogo lililokuwa linakwenda Korogwe. Akamwambia dereva, "Mpeleke mpaka mlangoni kwake. Usimshushe njiani hata akikuomba." Kisha akaninong'oneza, "Nenda haraka, mwanangu. Yule asikae sana nyumbani mwako."

Lori lilitambaa. Kila kilima lilipumzika. Dereva alijaribu kunisemesha akachoka. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: nikifika nitasema nini? Huko yuko mke wa Bakari tayari. Mimi ni nani? Wakiniita mwizi au mchawi, nani atanitetea mji ule ambako sina hata shangazi?

Tulipofika Manundu pikipiki ilikuwa imeegeshwa nje. Bakari amekaa barazani anakunywa maji. Aliponiona nashuka kwenye lori, kikombe kilianguka. Hakusimama. Alinitazama mimi, akatazama mlango, akanitazama mimi tena. Mama mkwe akatokea ndani, amevaa tabasamu ambalo sijawahi kuliona usoni kwake. Likazimika pale pale.

"Bakari," akasema polepole, "mkeo si yuko chumbani anajiandaa na kazi ya kesho?"

"Yuko chumbani," akajibu Bakari. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Nikasema, "Shikamoo mama. Ni mimi."

Akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. Akanisemesha Kizigua, sentensi ndefu, ya haraka. Sikuambulia hata neno. Akasema tena, kwa ukali. Nikapasuka nikalia, na kilio kikanitoka kwa Kinyamwezi, nikimwita mama yangu aliyeko Tabora.

Hapo mama mkwe akanishika mkono, akanivuta nyuma ya mgongo wake kama kuku anavyoficha kifaranga.

"Huyu ndiye," akamwambia mwanawe. "Mkwe wangu hajui Kizigua. Yule aliyeko ndani amenisalimia Kizigua cha bibi yangu. Ameniita kwa jina langu la utotoni, ambalo hata wewe hulijui. Nami, mjinga mimi, nikafurahi!"

Bakari akachukua panga. Tukaenda watatu mpaka mlango wa chumba. Mama mkwe akausukuma kwa mguu huku anasoma Ayatul Kursiy.

Hapakuwa na mtu. Dirisha lilikuwa na nondo, hata paka mnene asingepita. Godoro lilikuwa limebonyea upande wangu, na chumba kilinuka kama jiwe lililonyeshewa mvua. Lakini kilichonikata maini ni kitu kingine. Juu ya kiti kulikuwa na gauni langu la kazini, limepigwa pasi. Viatu vyangu vya shule viko chini yake, vimepigwa rangi. Kando kuna daftari langu la maandalio, na kalamu juu yake. Nililifungua. Somo la Jumatatu, ambalo sikuwa nimeliandaa, lilikuwa limeandikwa lote. Kwa mwandiko wangu.

Hakutaka kututisha wala kuiba. Alikuwa amekuja kuishi.

Daftari tulilichoma siku ile ile. Jumatatu sikwenda kazini, wala wiki ile yote. Mama mkwe alilala nami chumba kimoja siku saba, Bakari sebuleni, na katika siku hizo akaanza kunifundisha Kizigua, neno moja moja. Kuanzia hapo alikuwa mama yangu hadi alipokufa. Hilo ndilo jema pekee nililolipata.

Ubaya ulibaki kwa Bakari. Mizaha iliisha. Kila nikirudi nyumbani, hata nimetoka dukani tu, alinisimamisha mlangoni akaniuliza jambo la kwetu wawili, na mpaka nijibu hakunipisha. Miaka zaidi ya thelathini niliishi kwa kujibu maswali mlangoni kwangu mwenyewe. Nilikasirika, nilizoea, nikakasirika tena.

Nami nilikuwa na swali langu moja: yule mwanamke alikuambia nini njia nzima? Alikataa kunijibu mpaka alipougua ule ugonjwa wa mwisho. Jioni moja nikiwa nampa uji, akanishika mkono.

"Mwalimu," akasema, "hakusema lolote baya. Alikuwa ananichekesha. Tangu Sindeni mpaka Manundu nilicheka. Tulipofika nikawaza moyoni, leo ndiyo nimempenda mke wangu kweli."

Nikamlisha uji wake mpaka ukaisha.

Basi wewe unayenisikiliza, na hasa ninyi vijana mnaozunguka na magari kutafuta vitu vya kupiga picha, nendeni, dunia ni nzuri. Lakini mkiambiwa hapa watu hawaitani majina, nyamazeni. Na kabla hujawasha chombo chako ukaondoka, geuka. Mtazame usoni uliyempakia, msemeshe, umsikie akijibu. Kama ni kimya, kama ni mwenye makosa, kama anakuudhi kidogo, ondoka naye salama. Lakini ukimwona siku hiyo amekuwa bora kuliko ulivyomzoea, zima chombo, shuka, urudi ukamtafute mwenzako.