Msuku Usiozaa

Miaka ile ya ruksa kila mtu Sumbawanga alikuwa anafungua duka, na mama mwenye nyumba wetu pale Kizwite hakutaka kubaki nyuma. Tatizo lake lilikuwa msuku ulioota kwenye kona aliyoitaka.

"Bwana miti, nipe kibali niukate," aliniambia. "Tangu niolewe hapa haujatoa hata suku moja. Mti tasa wa nini?"

Nilikuwa afisa misitu, mgeni kutoka Mbeya, na mimi ukinitajia mti naacha hata chakula. Jina la kitaalamu la msuku, Uapaca kirkiana, lilinichekesha siku zote. Nusu ya kwanza imeokotwa Madagaska, ambako ndugu zake huitwa voapaka. Ya pili ni ya daktari mmoja wa Kizungu aliyesafiri akikusanya mimea. Wafipa, wenyeji wa hapa na walaji wa masuku tangu enzi na enzi, hawakuulizwa.

Nikapanda juu ya ndoo, nikavuta tawi. Ilikuwa masika, mti umechanua vijiua vya manjano vilivyobanana kwenye vitonge. Nikavuka hadi shambani kwa jirani, kwenye misuku miwili inayozaa kila mwaka. Huko kila ua lilikaa peke yake, limeanza kuvimba tunda. Nilirudi mbio, matope hadi magotini.

"Mama, huu ni dume! Misuku ina dume na jike, kila mmoja mti wake. Bila unga wa maua haya, ile ya jirani haizai. Mti hukaguliwa kwanza, ndipo ulaumiwe!"

Akaguna, akaenda kupima kona nyingine.

Mke wangu alikuwa barazani anachambua maharage. Tulikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto, ndiyo maana mtaa mzima uliniita Bwana miti, si Baba fulani. Mama yangu alikwisha andika barua: nimrudishe kwao Laela, nioe mwingine. Mke wangu alikuwa amepimwa hospitali mbili na kunywa mizizi ya kila aina, na hakuonekana na kasoro.

"Mti umeukagua kabla ya kuulaumu," alisema bila kuinua macho. "Wewe wamekukagua lini?"

Niliona aibu, mtaalamu mzima. Haikuwahi hata kunijia kichwani.

Barua ya mama niliijibu siku majibu yangu ya hospitali yalipotoka. Niliandika: Mama, shikamoo. Mkweo hana kosa. Ni mimi.