Chuma Kilichopikwa Nyotani

Masika ya mwaka niliokuwa kidato cha pili, jiko letu la Kyimo lilinuka moshi wa kuni mbichi na ndizi zinazochemka, maana mvua haikutupa hata siku moja ya kuanika kuni. Humo ndimo nilimomweleza mdogo wangu Atupele jinsi nyota zinavyotengeneza elementi. Tulisoma darasa moja kwa sababu mimi nilikuwa nimerudia mwaka. Kitabu nilikisoma mara tano ndipo nikaelewa. Yeye alinisikiliza mara moja tu, akimenya ndizi. Mwalimu wa fizikia alipotafuta mwanafunzi wa kuzungumza siku ya wazazi, akamchagua yeye.

Sikuweza kula. Atupele alichora nyota kubwa kwenye karatasi ya manila, tabaka kwa tabaka: haidrojeni juu, kaboni na oksijeni chini yake, chuma kwenye kiini. Asubuhi ya siku yenyewe niliichukua nikaitupa mgombani, mvua ikaimaliza.

Akasimama mbele ya wazazi mikono mitupu. Akagonga nondo za dirisha.

“Chuma hiki kilipikwa ndani ya nyota zilizolipuka kabla jua letu halijakuwapo. Hata chuma kilichomo kwenye damu yenu kimetoka huko.”

Mama akainuka. “Hata damu yangu mimi, mwanangu?”

“Hata yako, mama.”

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mwalimu akamuuliza nani alimweleza vizuri hivyo. “Dada,” akajibu. Nikatazama sakafu.

Njiani kurudi aliniambia, “Manila nimeiona mgombani.”

“Mbona hukusema?”

“Mama angekuchapa.”

Wema huo uliniuma kuliko fimbo, na sikumwomba msamaha.

Leo Atupele anafundisha fizikia Mbeya, mimi nachuma chai. Siku hizi hakuna haja ya kusoma kitabu mara tano; juzi binti yangu alipopewa mada hiyohiyo, alichukua simu akampigia mama yake mdogo. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilingoja amalize, nikamwomba anisomee alichoandika. Kilianzia kwenye nyota.

“Mama mdogo ameruka mwanzo,” nikamwambia. “Haidrojeni na heli zilikuwapo kabla nyota yoyote haijawaka.”

Akafuta, akaandika upya nilivyosema. Nilifurahi kuliko inavyomfaa mtu mzima.