Kondoo Wasio na Mkia

Mama aliniomba kitu kimoja tu: kondoo wanne wekundu wenye mkia wa mafuta, wale wanaofugwa na Wamasai. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu mwanamke akijifungua, mama mkwe humpikia mafuta ya kondoo aliyemnonesha kwa mkono wake. Mama alikuwa mjane, hajawahi kufuga hata mmoja. Alitaka siku hiyo ikifika asimwombe mtu.

Basi mimi nikajifanya najua zaidi. Nilikuwa karani wa reli, nakaa Makongeni mjini, kalamu mbili mfukoni. Kondoo wekundu tuliwaona kila siku wakila nyasi kando ya reli, vumbi tupu, na wake zetu wakiwafukuza kwenye nguo walizoanika. Karani apeleke hao kwao? Ng'o! Nilikuwa nimeona wa manyoya kwenye maonyesho ya kilimo, weupe, wanene kama magodoro. Nikaamua ni hao.

Jirani yangu, dereva wa garimoshi kutoka Ukambani, alinionya kwamba Makuyu, kwa mama, ni joto na miiba, na kondoo hao ni wa kule juu kwenye baridi. Nikamjibu mbele ya watu kwamba wao wanajua mbuzi tu. Alicheka kidogo akaenda zake. Naona haya hata kuyaandika.

Nilinunua wanne, nikawafunga nyuma ya nyumba siku nzima, ili waonekane. Akina mama walikuja kushika manyoya, nami nikiwaeleza kama mzungu wa shamba. Kesho yake niliwapakia kwenye behewa la mizigo, nikashuka nao Makuyu.

Mama alikuwa akingoja stesheni. Alipitisha mkono mgongoni mwa dume, taratibu, mpaka nyuma, akitafuta mkia. Ulikuwa umekatwa, kama wanavyokatwa wote wa aina hiyo. Kilibaki kigutu tu. Aliniangalia, akaona suti yangu.

"Ni wazuri," akasema.

Aliwalisha majani ya viazi vitamu asubuhi na jioni. Miiba ikawashika manyoya, akayakata kwa mkasi wa nguo. Joto likawaandama, wakakonda, na kabla ya mvua walikuwa wamekufa watatu, wa nne amebaki mifupa tu. Hayo aliniambia baadaye, nilipomuuliza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika halikuwa langu.

Mtoto alipozaliwa, mama alifika Makongeni na mkebe uliojaa mafuta. Dereva alikuwa ameketi kwetu, amekuja kutupa hongera. Alimuuliza mama, kwa heshima, kama ni ya wale kondoo weupe. Mama yangu ni mtu wa kanisa, sikuwahi kumsikia akisema uongo.

"Ni ya kondoo wa mwanangu," akajibu.

Nikamfuata jikoni. Alikuwa akikoroga supu, na viganja vyake vilikuwa vimejaa malengelenge. Nikamuuliza alikotoa mafuta.

"Niliomba kwa majirani," akasema, bila kugeuka. "Walikataa kunipa bure, nikawalimia wiki mbili. Mwache mkeo anywe, asijue."

Mke wangu alikunywa mabakuli mawili, akamshukuru mama kwa kuwanonesha kondoo vizuri namna ile. Mama akaitikia. Nami nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni, na mpaka leo sijamwambia mke wangu.