Wale wa Msibani Bado Wako Hai

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kwamba dada wa maabara amefariki dunia. Ninyi wasomaji wangu wa siku zote mnajua sina kawaida ya kulia gazetini, na leo pia sitalia. Nitaungama. Tulimwita dada wa maabara sisi majirani zake wa Chang'ombe, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuotesha bakteria wa tumboni, wale wanaoingia mwilini na chakula kibovu, kisha kuwajaribia dawa za miti. Aliloweka magome kwenye spiriti, akachuja, akakausha mpaka kikabaki kitu cheusi kama lami, halafu akangoja aone nani atakufa. Alizungumza nao, mwenzake wa kazini aliniambia. Aliwasalimia asubuhi.

Miaka kadhaa iliyopita tulifiwa mtaani. Nyama ilipikwa alfajiri, ikaipuliwa na kufunikwa, kwa sababu wakwe walikuwa njiani kutoka Mpwapwa, na kwetu si adabu kupakua kabla wakwe hawajakaa mkekani. Basi lao liliharibika njiani, wakafika saa tisa alasiri. Wapishi walikuwa wameshashika miiko dada alipoingia, akafunua sufuria, akaweka kiganja juu ya mchuzi na kuuliza umeipuliwa saa ngapi. Aliomba urudishwe motoni uchemke upya. Mpishi mkuu akamjibu kwa upole, "Mama, wakwe wameshanawa." Basi tukala. Yeye hakula. Alikaa na sahani tupu mapajani, akitutazama mmoja mmoja tunavyotafuna, midomo yake ikicheza kama mtu anayehesabu. Mimi nilikaa mkabala naye, nikila.

Kesho yake nusu ya mtaa ilikuwa inahara na kutapika. Mkwe mmoja, bibi mcheshi aliyetusahaulisha majonzi kwa hadithi zake, hakurudi Mpwapwa akiwa hai. Siku ya tatu, tukiwa tumejikunyata mkekani, mimi na ulimi wangu huu wa utani nikasema, "Dada wa maabara hakugusa hata tonge. Alijua." Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Katika maneno yangu yote, hayo ndiyo yaliyofika mbali zaidi, na wala sikuyaandika. Kabla wiki haijaisha yalikuwa yameota miguu: anafuga magonjwa kwenye chupa, anawalisha, anawatuma. Watoto wakakatazwa kunywa maji kwake. Akipita, wenye vibanda walifunika maandazi. Nilisikia yote hayo na sikukanusha hata neno moja.

Mwaka uliofuata aliniita maabara. "Karibu, kaka," alisema. "Usiguse kitu. Na chai sitakupa, usiwe na wasiwasi." Akafungua kabati dogo la chuma, na hewa ya vuguvugu ikanipiga usoni. Joto hilo, aliniambia, ni sawasawa na la tumbo langu, na bakteria hustawi humo. Ndani mlikuwa na visahani vyenye utando wa kijivu, umetanda kimya, unang'aa kidogo. "Hawa ni wale wa msibani," akasema. Jioni ya msiba ule alikuwa amechota mchuzi uliobaki. "Kila baada ya majuma machache nawahamishia kwenye chakula kipya. Hawajafa." Nilijikuta nimerudi nyuma hatua mbili. Kisha akanionyesha kisahani kingine, na katikati yake kikaratasi cha duara kilichochovywa dawa ya magome ya mgunga. Kukizunguka palikuwa na uwazi safi, duara kamili, ambamo wale hawakuweza kuota.

"Basi umepata dawa," nikasema. "Niandike?"

"Usiandike. Hata siki inawaua kwenye kisahani. Kisahani hakina ini wala figo. Tumboni sijajua, na nisichokijua sikisemi." Akafunga kabati taratibu. "Nilichokijua nilikisema siku ile. Ila wewe ulisema kwa ufupi zaidi, watu wakakuelewa."

Nilitaka kumwomba radhi. Badala yake nikamuuliza magome hayo anayatoa upande gani. Akanijibu kwa heshima zote, na sikurudi tena.

Tangu hapo nilimwona kwa mbali. Waliomwogopa mchana wa Jumapili walimgongea mlango wa uani siku za kazi, wakiomba kidogo cha ile dawa nyeusi, naye akawakatalia na kuwaelekeza hospitali. Waganga walimnunia kwa kutilia shaka miti yao. Baadhi ya wasomi wenzake walimcheka kwa kuhangaika na magome. Alitaka kitu kimoja tu, ajue kwa hakika kabla hajamnywesha mtu, na kwa ajili hiyo alizeeka peke yake.

Tulimzika Alhamisi. Makaburini mwenzake wa kazini alininong'oneza kwamba visahani vyenye mwandiko wake, vilivyoandikwa "Msiba", bado vimo kabatini, na waliomo wangali hai. Hakuna aliyeamua kama walishwe au wateketezwe. Tuliporudi nyumbani kwake, nyama ilikuwa imefunikwa tangu alfajiri, ikiwasubiri wakwe wa ndugu zake, wa kutoka Kondoa. Miguu yangu ilinipeleka kwenye sufuria kabla sijaiamuru. Nikafunua, nikaweka kiganja juu ya mchuzi. Ulikuwa vuguvugu, joto lilelile la kabati.

"Umeipuliwa saa ngapi?" nikauliza.

"Wakwe wameshanawa," mpishi akasema.

"Watanawa tena."

Moto ukawashwa. Nikakaa mkekani na sahani tupu mapajani, na wote wakanitazama kama tulivyomtazama yeye. Mama mmoja akamvuta mjukuu wake kutoka karibu yangu. Kisha mzee mmoja wa Kondoa, mgeni asiyejua habari za mtaa wetu, akaniuliza, "Kwani wewe umejuaje?"

Nikamweleza, mbele ya wote, kuanzia maneno yangu ya mkekani. Nilieleza mpaka sufuria ikachemka. Dada wa maabara, tangu siku ile ya mchuzi, hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza swali hilo. Angelijibu kwa dakika mbili, na bibi wa Mpwapwa angerudi kwao.