Javeli na Kile Kidonge cha Manjano

Mama alikuwa anafua nguo za watu wa kiwandani, na javeli, ile dawa kali ya kutolea madoa, ilikuwa inamla kifua. Daktari alishamwambia wazi: mapafu yake hayawezi tena kuvuta ule moshi. Lakini nguo za kazi za migodi ya Kolwezi hazitakati kwa sabuni peke yake. Mteja akiona doa, anampelekea mama mwingine.

Chumba chetu cha nyuma alipanga mwanafunzi wa kemia. Mimi shule niliachia njiani, ila maswali sikuyaacha, basi nikawa namfuata hata akipiga pasi. Siku moja nilimuuliza kama hakuna kitu kinachofanya kazi ya javeli bila kuua mtu. Akacheka, akasema kipo, kinaitwa flavini. Kimo hata ndani ya ile vitamini ya manjano inayouzwa farmasi. Kinachukua oksijeni kwenye hewa, au kwenye yale maji yanayotoa povu juu ya kidonda, kinaipeleka kwenye uchafu, halafu kinarudi kuchukua nyingine, kama kijana wa pusupusu anayesukuma mizigo sokoni. Kinachobaki ni karibu maji matupu. Akaniambia pia kwamba ile ya maabara imetengenezwa ikawa na nguvu, na hii ya farmasi jua linaiharibu haraka.

Hayo ya mwisho niliyasikia nusu. Nilishaona kiwanda changu tayari, na wamama wote wa mtaa wakifua huku wakiimba.

Nikasaga vidonge, nikaloweka shati la kaka yangu, nikaliweka juani. Mama alikuja kuinama juu ya beseni.

“Eh mama,” akaniambia, maana ndivyo alivyoniita akinibembeleza, “hii vitamine ni ya kunywa. Shati yako itanenepa, lakini haitatakata.”

Umanjano ulipotea mchana uleule. Doa lilibaki. Tulicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa mimi sikucheka tena. Mwanafunzi aliniahidi kuwauliza walimu wake.

Mvua zikaanza. Kwa kawaida nguo za watu wa asidi, wale wanaoyeyusha shaba kiwandani, mama alizilaza kwanza nje, kwenye maji matupu, hata siku nzima. Siku ile alikuja kijana mgeni, ameanza kazi juzi tu, anataka nguo yake kabla ya zamu ya usiku. Hakusema anafanya kazi upande gani, na mama hakuuliza. Mvua ilikuwa inapiga mlangoni, akafunga, akaloweka nguo jikoni, akamimina javeli. Asidi ilikuwa bado imo kwenye kitambaa, na ikikutana na javeli inatoa hewa ya sumu.

Nilirudi kutoka kununua sabuni mtaa wa Manika, nikamkuta kizingitini, amepiga magoti, kichwa nje kwenye mvua. Hewa ya jikoni ilikuwa ya kijanikijani, inachoma macho. Tulimpakia kwenye taxi-moto, pikipiki ya abiria, katikati yangu na dereva, na njia nzima nilisikia kifua chake mgongoni mwa yule dereva kikipiga filimbi. Hospitalini wakamwekea oksijeni. Niliitazama ile chupa ya chuma, nikafikiri oksijeni yote niliyoiota iende kwenye madoa, na sasa haitoshi kwa mtu mmoja. Alikufa kabla ya asubuhi.

Yule kijana mwenye nguo alikuja matangani, akakaa pembeni na wanaume. Baadaye akanifuata kwenye maji, nilipokuwa naosha vyombo.

“Mi nilijua asidi inakula manguo,” akasema. “Kama inaweza kufanya vile na javel, hakuna mutu aliniambia.”

Na sisi hakuna aliyetuambia. Mama aliloweka nguo nje kwa sababu asidi ilimchuna mikono, basi.

Sasa nafua mimi. Mteja akifika, kabla salamu haijaisha namuuliza: unafanya kazi upande gani? Wa asidi nalaza nguo zao nje, mvua inyeshe isinyeshe, wakasirike wasikasirike. Halafu namimina javeli, nageuza uso upande upepo unakotoka, na navuta pumzi kidogo kidogo.