Diski ya Harusi ya Ulemo

Kompyuta yetu ya kwanza ilifika Mandewa, mtaani kwetu, imeviringishwa ndani ya godoro, juu ya lori lililotoka Arusha na bidhaa za maduka. Miaka hiyo kila mtu mjini Singida alikuwa anafungua kitu: duka la simu, saluni, kibanda cha kutoa fotokopi. Kaka yangu na mimi tulikuwa tunarekodi harusi. Yeye alishika kamera. Mimi nilikaa chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga, nikiunganisha vipande kwa deki mbili za video, moja inacheza, nyingine inarekodi, na nikikosea naanza upya. Sijawahi kuwa mtu wa kutulia, na kazi ile ilinifanya niwe nainuka na kukaa kama niliyeketi juu ya siafu.

Kompyuta ilipaswa kuniponya, lakini diski iliyokuja nayo ilikuwa ndogo. Programu za kompyuta na picha zetu vilibanana humo humo, na picha ya video ikiwa inaingia haimsubiri mtu. Diski ikichelewa hata kidogo, picha inaruka. Bibi harusi yuko mlangoni mwa kanisa, mara yuko mezani anakata keki. Fundi wa Arusha aliyetuuzia mashine akatuambia kwa simu tuongeze diski ya pili, kubwa, ya video peke yake.

Ilikuja kwa basi ndani ya boksi la viatu. Kaka alishika tochi, nami nikafungua ubavu wa kompyuta. Nyuma ya diski kulikuwa na kiplastiki kidogo kinachoiambia mashine ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili. Nikakihamisha kwa kibanio cha nyusi, nikachomeka nyaya, nikakaza skrubu. Kompyuta iliponiuliza niifomati, yaani niiandae kupokea mafaili, kwa mtindo upi, wa zamani au mpya, nikachagua wa zamani kwa kuwa ndio niliokuwa nimeuzoea. Harusi ya hapo hapo Mandewa ikaingia bila shida, kwa vipande vifupi vifupi. Kaka akachukua kaseti za harusi hiyo akaenda kurekodia nyingine juu yake. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya, kaseti hazikuwa rahisi kupatikana.

Kisha ikaja harusi ya kijijini Ulemo.

Wiki chache baada ya harusi hiyo, kabla sijaigusa, bibi harusi alikuja Mandewa amejifunga kanga ya msiba. Mama yake alikuwa amefariki ghafla. Alikaa kwenye benchi letu, akasema, "Dada, mama aliongea siku ile, wakati wa kunikabidhi. Mimi nilikuwa nalia, sikusikia kitu. Kaka alirekodi?"

Kaka akasema alirekodi yote, bila kuzima kamera.

"Basi naiomba kabla hatujamaliza matanga. Ndugu wote watakuwepo."

Siku hiyo hiyo nikaunganisha kamera na kompyuta, nikaanza kuingiza. Kwa heshima ya yule mama sikutaka kukatakata, nikaiacha iende yenyewe. Akina mama wakaingia wakiimba, mama mzazi akasimama, akamshika binti yake mkono, akafungua mdomo. Picha ikaganda.

Nikarudisha kaseti hadi mwanzo, nikaanza tena. Ikaganda palepale. Mara ya tatu, palepale. Nikatoka nje nikazunguka nyumba, nikarudi, nikajaribu tena.

"Acha kuirudisha rudisha," kaka akasema. "Unaichakaza kaseti. Ikikatika tutamwambia nini yule binti?"

"Sasa nisipoirudisha nitafanyaje?"

"Mimi sijui. Lakini kuna kitu hapo. Kwa nini isimame kwa mama tu?"

Alisema kwa sauti ya chini, na nikaona anaogopa. Hata mimi niliogopa. Kesho yake bibi harusi alikuja tena, akakaa kwenye benchi, akaondoka bila kuuliza. Kesho kutwa yake akaja tena. Kila nikisikia lango linalia, nainuka kuchungulia.

Sikuweza kukaa na hofu ile. Nikachukua kaseti tofauti kabisa, ya ubarikio wa vijana kanisani, nikaiingiza bila kukata. Ikaenda, ikaenda, halafu ikaganda, na hapo alikuwa anaongea mwalimu wa kwaya, mtu aliye hai na mzima wa afya. Nikaangalia mafaili mawili kwenye diski, la Ulemo na la ubarikio. Yalikuwa na ukubwa uleule. Nikacheka peke yangu kwa nguvu hadi kaka akaja mbio.

Nikampigia fundi wa Arusha. Akaniuliza swali moja tu: "Uliifomati kwa mtindo upi?"

"Wa zamani."

"Huo haukubali faili likizidi ukubwa fulani. Likifika hapo linakatika. Fomati upya kwa mtindo mpya."

"Na vilivyomo?"

"Vinafutika vyote."

Vilivyomo vilikuwa ile harusi ya Mandewa, ambayo kaseti zake zilisharekodiwa harusi nyingine. Diski ndogo isingeimeza, na kuingiza ya Ulemo kwa vipande kama ile sikutaka, yule mama asikatwe popote. Fundi akasema ipo njia ya kubadili mtindo bila kufuta, ila umeme ukikatika katikati nisimlaumu. Na umeme wetu nilikuwa naujua. Nyumba ya pili palikuwa na mashine ya kukamua alizeti, ya mama mmoja mjane, na kila ilipowashwa, taa zetu zilififia na kompyuta ikajizima na kujiwasha.

Nikaamua kuirudisha kwanza harusi ya Mandewa kwenye kaseti mpya kupitia kamera, ndipo nifute. Lakini hata hilo lilihitaji umeme uliotulia. Nikaenda kwa jirani. Uani kwake wakulima walikuwa wamekalia magunia yao wakisubiri zamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Nikamweleza, nikichanganya diski, mafaili na matanga. Sidhani kama alinielewa hadi nilipofika kwa yule mama wa Ulemo. Hapo akaninyamazisha kwa mkono.

"Unataka nizime mpaka lini?"

"Mpaka alasiri, mama."

Akawageukia watu wake, akaongea nao Kinyaturu. Mmoja alilalamika kwamba amekuja na punda wake kutoka mbali. Mama akamjibu maneno machache, yule mtu akavua kofia na kukaa. Mashine ikazimwa.

Saa zile zilikuwa ndefu. Harusi ya Mandewa ilirudi kwenye kaseti, nikaitazama yote kuhakikisha, halafu nikafomati. Mstari ulijaa pole pole kwenye kioo, nami nimesimama, siwezi kukaa, naangalia balbu. Kaka aliniambia nimetembea umbali wa kwenda Ulemo mle ndani. Tulipoweka kaseti ya Ulemo, bibi harusi alikuwa amefika, na sikumfukuza. Tukaitazama pamoja ikiingia. Akina mama wakaimba. Mama akasimama, akashika mkono, akafungua mdomo, na safari hii akaongea.

Aliongea Kinyiramba, kwa sauti ya kawaida, anamtazama bwana harusi. Mimi ni Mnyaturu, niliambulia neno hapa na pale. Kando yangu bibi harusi alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anamwambia mume wangu kwamba nikikasirika huwa sili. Asiniache hivyo. Alete chakula, akae karibu, asiongee, nitakula tu."

"Ndiyo hayo?"

"Ndiyo hayo," akasema, na sasa alikuwa analia kweli.

Kaka alitaka kuweka muziki wa kinanda chini ya maneno yale, kama tulivyofanya kwa wengine. Nikakataa. Tuliitoa kwenye kaseti kubwa ya deki ilivyo, na kelele za watoto na mbuzi humo. Kaka mwenyewe aliipeleka Ulemo matangani pamoja na televisheni na jenereta. Aliporudi alisema waliomba ichezwe mara nyingi hadi mafuta ya jenereta yakaisha, na bwana harusi alikaa nyuma kabisa, ameinamisha kichwa, anasikiliza kila mara kama mara ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata mashine ya alizeti ilikuwa inanguruma tangu mapema, taa yetu inafifia na kurudi. Nikachomoa kompyuta, nikaenda kwa jirani kununua mafuta ya alizeti.