Mafundo Chini ya Meza ya Labiba

Labiba Sidhom alizaliwa na macho ya kushuku, na karakana ya kushona sare za shule ilimlipa mshahara kwa ajili ya macho hayohayo. Alikuwa msimamizi wa washonaji kwenye ghorofa moja huko Shubra, Kairo, juu ya duka la viatu, na hapakuwa na kola iliyokaa upande wala kifungo kilicholegea kilichoweza kumpita. Tatizo ni kwamba macho yale hakuyaacha kazini jioni. Muuza maharage alipompakulia, alimwangalia mkono. Kasisi alipomsifu, alijiuliza kanisa linataka kununua nini safari hii. Marehemu mumewe alikuwa akisema kwamba Labiba akifika mbinguni, ataomba kwanza aonyeshwe risiti.

Lakini tusimwonee. Sala aliipenda kwa dhati. Saa tatu asubuhi, chai ya kwanza ikipita, alikuwa akisali moyoni sala ya saa tatu, ya kushuka kwa Roho. Saa sita alisali ile ya msalaba, na saa tisa ile ya Bwana kukata roho. Hakusimamisha kazi wala hakufumba macho. Mama yake alisali hivyo hivyo huku akichambua mchele, na Labiba aliiga kwake akiwa mtoto, na kwa miaka mingi mambo yalimwendea vizuri tu.

Mwezi wa nane ndio uliokuwa ukimvuruga. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, kazi imewafika shingoni, na juu yake ulikuwapo mfungo wa Bikira, ambao Labiba aliufunga ule mgumu, wa mkate, chumvi na maji. Mwaka huo alilalamika mbele ya washonaji wote kwamba kazi imemnyang'anya Mungu wake: jua linatua, na yeye hajamwita hata mara moja.

Siku aliyosema maneno hayo ndiyo siku aliyokuja Marsa. Alikuwa msichana mwembamba kutoka Minya, mpole, na msalaba wa chale kwenye kifundo cha mkono kama walivyo nao wengi wetu Wakopti. Alisema ana mama mgonjwa kitandani na kwamba dawa zinamsubiri yeye. Labiba alisikia hilo akaguna moyoni, kwa kuwa hajapata kumwona mtafuta kazi ambaye mama yake ni mzima. Mwenye karakana, Ustaz Ramsis, kama tumwitavyo huku bwana mkubwa yeyote, alimweka Marsa kwenye majaribio na kumwachia Labiba uamuzi wote. Akisema abaki, angebaki. Akisema aende, angerudi Minya.

Marsa alishona vizuri. Hilo lenyewe lilimtia Labiba wasiwasi, maana mtu anayeshona hivyo anatafuta nini kwenye karakana kama ile? Kisha akaona mambo mawili. La kwanza, midomo ya Marsa ilikuwa ikichezacheza bila sauti. La pili, kila alipomaliza mshono, mkono wake wa kushoto uliteremka chini ya meza, ukakaa huko kidogo, kisha ukarudi.

Mwanzoni Labiba alidhani anaiba uzi. Akamkagua mfuko mbele ya wote, akakuta mkate, kitunguu na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Halafu akadhani ni simu, kumbe simu ya Marsa ilikuwa imelala juani dirishani, imekufa kioo. Labiba alishindwa kulala kwa mawazo. Saa tatu ikifika anaanza sala, na kabla hajamaliza mstari wa pili macho yamekwisha kwenda kwenye ule mkono. Saa sita vivyo hivyo. Saa tisa alikuwa hata haanzi.

Jumanne jioni, wenzake walipokwisha kushuka, alipiga magoti, akapapasa chini ya meza ya Marsa. Vidole vyake vikagusa kamba nyembamba iliyofungwa kwenye chuma cha mguu wa meza. Ilisukwa kwa uzi wa buluu wa karakana, ina mafundo mengi yaliyobana, fundo juu ya fundo. Akaiachia kama aliyeshika mjusi.

Asubuhi yake aliwahi kabla ya watu wote na kupapasa chini ya meza yake mwenyewe. Ilikuwepo nyingine. Mafundo yaleyale, upande wa kushoto, pale pale mkono wake unapopumzika.

Aliikata kwa mkasi bila kuigusa, akaiangushia kwenye kitambaa, akaenda nayo moja kwa moja kwa Inshirah, mpiga pasi, Mwislamu aliyefanya naye kazi tangu wote wawili wakiwa mabinti, na ambaye alijua uchawi wa Shubra nzima. Inshirah aliitazama bila kuikaribia, pasi mkononi.

"Fundo moja ni fundo tu, abla," alisema, kwa lile neno la dada mkubwa ambalo karakana nzima ilimwita. "Mafundo mengi namna hii, mtu amekukalia kitako."

"Tangu aje nimeshindwa kusali, Inshirah. Nikianza tu, akili inanitoka."

"Basi si umeona? Kakufunga." Inshirah alishusha sauti. "Itie kwenye maji ya chumvi ilale humo, kesho umpelekee kasisi wako. Mimi nami nitakusomea kwangu. Tumbane pande zote mbili."

Chumvi ilikuwapo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kitoweo chake cha mwezi ule. Aliijaza kwenye chupa ya achari, akatumbukiza kamba, akakaza kifuniko. Kisha akaenda kwa Ustaz Ramsis na kumwambia kwamba yule msichana hamtaki. Ustaz alishangaa, akasema kola zake ni safi kuliko za wote. Labiba alijibu kwamba mkono wa msichana yule hautulii, na kwamba yeye asiulizwe zaidi. Ustaz akasema sawa, Alhamisi jioni atamlipa aondoke. Labiba alitoka ofisini akiwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu, na saa tisa alipojaribu kusali, bado alishindwa. Akajiambia chumvi haijakolea.

Alhamisi mchana aliomba ruhusa akaenda kanisani na chupa yake mkobani. Foleni ya watu wa kuungama ilikuwa ndefu, kama kawaida ya mfungo, na zamu yake ilipofika jua lilikuwa limeanza kuinama. Abuna Bisenti, kasisi mzee aliyewabatiza watoto wake wote, alisikiliza kisa chote huku akiigeuzageuza chupa mwangani. Aliifungua, akaivua kamba kwa kalamu, akaikamua kwa leso yake. Labiba alirudi nyuma hatua moja.

"Nani kakufungia hii?" aliuliza Abuna.

"Adui, Abuna."

"Na huyu adui kasomea monasteri gani?"

Labiba hakuelewa. Abuna alimuuliza kama ana kamba ya sala, ile ya kuhesabia maombi fundo kwa fundo, naye akajibu kwa haraka kwamba anayo, mbona, alinunua alipokwenda kuzuru monasteri ya Bahari ya Shamu. Akaitoa chini kabisa ya mkoba. Ilikuwa ya sufi nyeusi, na ilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni. Abuna aliuchana ule mfuko, akaweka kamba mbili mezani kando kwa kando, akamwambia aangalie kwa hayo macho yake yanayosifiwa.

Aliangalia. Kila fundo la kamba nyeusi lilikuwa limesukwa kwa misalaba midogo, uzi juu ya uzi. Kila fundo la kamba ya buluu lilikuwa vivyo hivyo. Miaka yote alikuwa akiibeba ile nyeusi kila mahali, na hakuwahi kuitazama.

"Fundo hili linafungwa huku mtu anamtaja Yesu," alisema Abuna. "Akiacha kumtaja, anasahau uzi umepita wapi. Umelitia Jina la Bwana kwenye achari, binti yangu."

"Sasa kwa nini aifiche chini ya meza?"

"Kamuulize. Mimi si fundi cherehani."

Labiba alisahau hata kuomba baraka. Alikwenda karibu ya kukimbia, kamba mbichi imemlowesha kiganja, akimkemea kila aliyemzibia njia. Aibu ilikuwa inamwunguza, na hofu pia, maana jioni ilikuwa imekwisha kuingia. Alikutana na Marsa kwenye ngazi, anateremka, mkasi wake unachungulia kwenye mfuko.

Labiba alisimama mbele yake. Alifungua kiganja tu.

Uso wa Marsa ukachangamka. "Umeiona, abla. Jana nilipapasa nikakuta haipo, nikafurahi. Nikasema abla keshaipata, anasali nayo."

"Kwa nini hukunipa mkononi?"

"Wewe ndiye wa kusema nibaki au niende. Ningekuletea zawadi, ungesema nakuhonga."

Labiba alijua kwamba angesema hivyo, neno kwa neno.

"Siku ile nilipofika nilikusikia ukisema kazi imekunyang'anya Mungu," Marsa aliendelea. "Mimi kaka yangu ni mtawa. Alinifundisha niifunge pale mkono unapopita kila siku. Mkono ukiigusa, unakumbuka. Basi nikakusukia na wewe."

"Marsa. Mimi ndiye niliyesema uondoke."

"Najua. Ustaz ameniambia."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Nilidhani umeliombea, abla, ukaoneshwa hivyo."

Labiba alikaa kwenye ngazi, akalia kilio cha sauti, mwanamke mzima na funguo za karakana kiunoni. Alipokwisha akaukamata mfuko wa Marsa, akapanda nao hadi kwa Ustaz Ramsis, na kumweleza yote mbele ya Marsa na Inshirah, pamoja na chupa ya achari, ambayo angeweza kuiacha. Ustaz alicheka hadi akavua miwani. Alisema kwake yeye kola ndizo zinazoongea, na kwamba Marsa atabaki. Inshirah alisema tu kwamba yeye kisomo chake atamhamishia mtu mwingine.

Jumamosi, kazi ilipoanza baada ya mapumziko ya Ijumaa, kamba ya buluu ilikuwa imefungwa tena chini ya meza ya Labiba. Ilikuwa imekauka na kukakamaa kwa chumvi. Saa tatu ilipofika aliteremsha mkono wa kushoto, akashika fundo la kwanza, na chumvi ikamwasha kidoleni penye jeraha la sindano. Bwana Yesu Kristo, nihurumie mimi mwenye dhambi. Macho yakamwendea Marsa kwa mazoea. Akayarudisha kwenye kola, akatafuta fundo la pili.